Mlango wa Mbele

Mama mpendwa,

Baridi ya Nyeri inauma masikio, lakini ukumbi wa kanisa nimeupata. Ni uleule wa mawe, ulikokuwa ukipikia harusi za watu kabla hatujahamia Mwea. Mzee anayeutunza bado anakukumbuka.

"Si ni yule mama wa kupika mukimo? Alikuwa anaingia na mlango ya jikoni."

Nikamwambia, "Safari hii ataingia na wa mbele. Yeye ndiye bibi harusi."

Akacheka. Nikamkazia macho mpaka akafungua kitabu na kuandika jina lako.

Najua utasema eti wewe na Baba mmeishi miaka hii yote bila harusi ya kanisa na hamjapungukiwa. Mimi nimeshalipia Jumamosi ya kwanza ya Agosti.

Beba sweta, Mama. Mwiko uache nyumbani.

Akupendaye,
Wanjiru