Mbuzi wa Kampuni

Mutuini, 3 Februari 2025

Kwako Kui mwanangu,

Hujambo? Huko Ngara mnaendeleaje na hili joto? Mimi ni mzima, ila mguu bado unanisumbua. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Wachira wa boda atakuletea barua hii.

Kisima cha kikundi chetu cha akina mama kimeanza kutoa matope. Tangu ile kampuni ijenge jumba la kompyuta za akili bandia hapa juu na kuchimba kisima chake, maji yetu yanashuka tu. Nasikia mitambo hiyo hupata moto sana, lazima ipozwe kwa maji. Na ng'ombe wangu wawili je, wapozwe na nini? Wewe unafanya kazi kwao, ofisi ya Karen. Waambie.

Mama yako,
Wangeci

Ngara, 16 Februari 2025

Mpendwa Mama,

Habari za nyumbani? Huo mguu uchue na mafuta ya moto. Nisamehe kwa simu, kazi imenibana.

Nimeongea na wakubwa. Wanasema jua ndilo limekausha maji, si wao. Hata hivyo watakuja kuwaona Jumamosi ya tarehe moja Machi, kwa heshima zote. Wapokeeni vizuri. Nimepandishwa cheo juzi tu, Mama, naomba usiniharibie.

Mwanao,
Kui

Mutuini, 2 Machi 2025

Kui,

Sisi wazima. Wageni wako walifika jana na beberu mweusi tii, hana doa hata moja. Mama Mwihaki wa kikundi alinitazama, nami nikamtazama. Wale vijana wa tai wangejuaje kwamba mbuzi wa kupatanisha huwa wa rangi moja, na kwamba tukishamla kesi imekwisha, hakuna wa kuifufua? Ni wewe uliyewafundisha.

Hatukumla. Tuliwapa chai, maana mgeni ni mgeni, kisha akina mama wote wa kikundi tukamrudisha beberu kwa miguu hadi kwenye jumba lao tukiimba nyimbo za kanisa. Askari akakataa kufungua. Tukamfunga mbuzi pale pale langoni, tukamwachia ndoo ya maji ya kununua, kwa sababu yeye hana makosa.

Ulikua kwa maziwa ya ng'ombe wa boma hili. Wiki jana nimemuuza mmoja. Nimekukasirikia, sitakuficha. Na hatunyamazi. Tarehe ishirini na nne tuna kikao kwa chifu.

Mama yako

Ngara, 23 Machi 2025

Mama,

Natumaini mguu umepata nafuu. Kila nikianza kukujibu naona haya. Waliniuliza watu wa kwetu hutulizwa vipi, nikawaambia mpaka rangi, nikijiona mjanja.

Kesho nitakuwa kikaoni. Kampuni imenituma nimtafsirie meneja, ambaye atawaambia kisima chao ni cha kumwagilia maua tu. Mabomba yake nimeyaona kwa macho yangu. Yanaingia moja kwa moja kwenye mitambo, na hayafungwi hata Jumapili. Nitatafsiri maneno yake yote, nisiyapunguze. Halafu nitawageukia ninyi niseme kwa Kikuyu, na tena kwa Kiswahili ili chifu asidai hakusikia, kwamba huyu mtu anadanganya.

Watanifuta kazi kabla hatujatoka nje. Wacha wanifute. Niwekee nafasi kwenye benchi la akina mama.

Mwanao,
Kui