Chupa ya Mita Elfu Tatu

Melini, 3 Machi

Baba, shikamoo. Macho yanaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka kufungiwa. Chumba changu kiko chini ya usawa wa maji, hakina dirisha; nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Kazi ni ileile: tunateremsha chupa baharini, kila moja inajifunga kwenye kina chake, kisha nachuja yale maji na kupima uzito wa chembe zinazobaki kwenye karatasi. Juu chembe ni nyingi, katikati chache. Tarehe 20 natia mguu nyumbani. Nimeandika herufi kubwa usome mwenyewe kwenye simu.

Mwanao

Nyumbani, 8 Machi

Marahaba, mwanangu. Huku salama, ila jicho la kushoto limeshaniaga. La kulia daktari anasema limebakiza wiki tatu, na dawa hakuna. Cherehani nimemwachia mama yako, anashona mishono imepinda kama njia ya mlevi. Uje. Nataka nikuone kabla, basi.

Baba yako

Melini, 12 Machi

Shikamoo baba. Barua yako nimeililia chooni, ndiko pekee kwenye komeo. Sasa nisikilize. Chupa ya mita elfu tatu, karibu kabisa na sakafu ya bahari, ilirudi wazi, haikujifunga. Nilikuwa hoi, nikabuni tarakimu ndogo ya uzito wa chembe. Leo mkuu wa safari ameisifu. Anaandika kwamba huko chini tope halipandi. Nikisema ukweli tunarudi kupima upya, wiki tatu zaidi. Nifanyeje?

Mwanao

Nyumbani, 14 Machi

Mwanangu, salamu baadaye. Funga mdomo, uje. Nani atapiga mbizi mita elfu tatu aje kukuumbua? Dhambi hiyo nibebeshe mimi.

Baba yako

Melini, 15 Machi

Baba, shikamoo. Nimesema. Meli imegeuza. Mezani hakuna anayenisemesha. Nisamehe, sikuweza kunyamaza.

Mwanao

Melini, 28 Machi

Shikamoo baba. U hali gani? Mbona kimya? Tumepima upya. Tope lipo, tele. Nijibu hata kwa kunigombeza.

Mwanao

Nyumbani, 4 Aprili

Marahaba. Anaandika mama yako, mimi nasema. Hasira ndiyo iliyonizuia kukujibu. Jicho lilizima Jumanne, nikiwa nimeshika picha yako ya shule, una mapengo mdomo mzima. Ulifanya sawa, na bado nimekukasirikia; yote mawili ni kweli. Ukifika usinisalimie kutoka mlangoni. Njoo ukae mbele yangu, uniachie uso wako niupapase taratibu, nijue umekuwa mtu gani.

Baba yako