Chachu Haiuzwi Konyokonyo

Juba, Jumamosi. Jua kali, mvua imekataa, magoti yanauma.

Esta, wewe mke wa mwanangu, soma hapa kwenye kundi letu la simu, mbele ya wote: unga wa mtama ukichacha haujaoza! Nani alikufundisha kumwaga kitu cha watu bila kuuliza? Umemwaga, kisha ukasugua kopo kwa sabuni mpaka likang'aa, ukaja kunionyesha kama mtu aliyeniletea zawadi.

Najua, umekulia Eldoret. Huko kitu kikinuka kinatupwa. Hapa kikinuka ndiyo kiko tayari.

Wajukuu mlioko Kenya, niwaeleze. Kisra ni mkate wa mtama, mwembamba kama leso. Rojo lake linalazwa na chachu ya jana, na kila ukipika unabakiza kidogo chini ya kopo kwa ajili ya kesho. Ile yetu ilikuwa ya dada yangu Kiden. Sisi tulipokimbilia Kenya, yeye alibaki Juba, akailisha unga vita vyote. Sasa homa imemlaza hapa nyumbani Gurei. Wali anausukuma. Ugali ukija anageukia ukuta. Anataka kisra tu, ya chachu yake, na chachu Esta ameimwaga.

Nimechoka. Lakini nimekwenda Konyokonyo.

Soko hili nalijua tangu sijaolewa. Tulikuwa tunatandaza gunia chini, samaki wa mto upande huu, bamia kavu upande ule. Leo ndizi za Uganda, nyanya za Uganda, hata vitunguu vinashuka kwenye lori. Muuzaji mmoja Mganda akanishika mkono: "Mama, mimi iko na unga ya mahindi, safi kabisa!" Nikamwambia aachie mkono kwanza, halafu tuongee habari za unga. Hatukuongea.

Wanawake wa kisra wamesukumwa nyuma, karibu na samaki wakavu. Nikamwendea mmoja wao, Jokudu. Huyo naye hakukimbia vita, na hakuachi usahau. Kumwomba kitu ni kumeza mwiba. Lakini chachu haiuzwi. Inaombwa.

"Mama Wani wa Kenya!" akapaza sauti, wenzake wasikie. "Ugali umekushinda?"

"Nataka chachu."

"Yenu iko wapi?"

"Mkwe ameiosha."

Walicheka, wale wanawake, mpaka mmoja akaunguza mkate wake. Mimi nikasimama pale pale juani. Sijazoea kuchekwa, na kwa umri huu sitaki kuzoea.

"Nani mgonjwa?" Jokudu akauliza, maana aliona siondoki.

Nikamwambia ni Kiden.

Akafuta mikono kwenye nguo yake, akainama, akanichotea chachu kutoka kopo lake mwenyewe.

"Mwambie inarudi kwake," akasema. "Ule mwaka wa vita, chakula kilipokuwa kinakuja kwa ndege tu, yangu ilikufa kwa kukosa unga. Yeye alinigawia ya kwake."

Nilikaa kando yake juu ya gunia mpaka magoti yakakubali kuinuka.

Nimefika nyumbani vumbi limenijaa mpaka kwenye nyusi. Nimempelekea Kiden kopo hata kabla sijavua viatu. Amenusa akiwa amefumba macho, muda mrefu. Kisha akasema rojo liwe jepesi, maana mimi huwa nazidisha unga.

Mgonjwa gani huyu wa kunikosoa! Nimefurahi, sitasema uongo.

Haya, Esta. Chachu iko kwenye kona ya jiko, nimeilisha, nimeifunika. Usiifunue. Alfajiri uwashe mkaa, upake mafuta bati la kupikia, halafu uniamshe. Kutandaza rojo kwa kipande cha ukuti utajifunza kwa mkono wako. Mimi nitakaa kwenye kigoda niseme. Mkate wa kwanza mpelekee Kiden, ukiwa moto. Na kopo usilioshe.

Bakiza.