Stempu za Baba na Fomu Yangu

Jumanne jioni, Temeke

Ningejua atajibu vile, ningemjazia fomu mwenyewe hapa nyumbani.

Leo Baba alikuja posta akapanga foleni kama mtu baki. Alipofika dirishani nilimwamkia shikamoo, akaitika taratibu, kisha akaniita "Ndugu Karani" mbele za watu. Anataka kibali cha kumwuzia mnunuzi wa Ulaya stempu zake za enzi ya mkoloni, zile zenye kichwa cha Malkia. Siku hizi huuzi nje bila kibali, na vibali natoa mie.

Fomu inauliza kama stempu zilipatikana kazini. Baba ameandika: Ndiyo, bwana mkubwa alinipa kila Krismasi nilipokuwa tarishi. Ni kweli, matarishi wote walipewa. Lakini kanuni mpya inasema za kazini ni mali ya serikali, zichukuliwe.

Nikamnong'oneza aandike "Hapana".

"Mwanangu," akasema, "tangu lini nikaandika uongo?"

Kumwambia zitachukuliwa nilishindwa. Nikiipeleka fomu, namnyang'anya baba yangu. Nikibadilisha neno lile moja, nafungwa mie. Na akija kujua, sijui kipi kitaniuma zaidi.

Tulipokuwa tunakula akauliza fomu imefika wapi. Nikamwambia iko mezani kwa mkubwa.

Iko hapa, chini ya daftari hili. Naye yuko sebuleni, anazipanga upya stempu zake, moja moja, mnunuzi asije akazikuta zimechanganyika.