Oili ya Breki Kabla ya Mtoto

Jumatatu, 6 Mei

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba leo, mbele ya mashahidi, yaani mke wangu na kuku wake, nimefyonza vumbi kwenye feni ya betri ya gari langu. Feni iko ubavuni mwa kiti cha nyuma. Nimetoa vumbi zito kama pamba, maganda ya karanga na kifungo cha shati nililovaa kwenye harusi ya Upendo. Taifa liendelee na shughuli zake.

Oili ya injini nimepima. Ipo. Maji ya rejeta yapo. Kuna pia kitungi kingine, maji yake ya rangi ya waridi, cha kupoza mitambo ya umeme. Nacho sawa. Nyaya nene za rangi ya chungwa sikuzigusa. Naziogopa kama nyoka. Ukweli, naliogopa gari zima. Limetoka Japani kwa meli, nililiagiza kwa simu nikiwa dukani, katikati ya madaftari ya shule ninayouza. Baba yangu alisubiri kibali cha kununua pikapu mpaka akaota mvi. Mimi nimepata haibridi, gari la petroli na umeme, kirahisi na sijui ninachoendesha.

Halafu Upendo. Binti yetu wa pekee. Ameolewa kwa Wameru, juu kabisa mlimani, barabara ya udongo yenye mteremko mkali. Anakaribia kujifungua. Mkwe wetu anaendesha watalii, yuko porini. Uchungu ukianza, mimi ndiye wa kumleta hospitali. Mtoto wake wa kwanza alifia njiani, kabla hajazaliwa, gari la jirani limekwama kwenye tope.

Kwa hiyo nafyonza vumbi.

Jumatano, 8 Mei

Ngarenaro, kwa fundi Zabroni. Yeye Mpare, mimi Mchaga, watani wa jadi. Huniita mangi kama Wachaga wote, hatujawahi kusalimiana kistaarabu.

"Mangi, umeleta simu yako kuchaji?"

Nikamwambia Mpare hawezi kuelewa gari lisilopiga kelele. Amebadilisha oili ya injini na filta. Kisha akafungua kikopo cha oili ya breki, akachovya kitambaa cheupe. Kikatoka kama kimefuta masufuria. Eti oili hiyo ni ile ile ya Japani, imefyonza unyevu miaka yote. Ikipata moto itachemka, na pedali italegea kama sponji. Kuibadilisha kwenye haibridi lazima kompyuta iunganishwe. Yeye hana. Kuna mwenzake anayo.

Nikachungulia mwenyewe. Kikopo kimejaa mpaka kwenye mstari. Kitu kilichojaa unakibadilishaje? Na hiyo kompyuta ikikosea? Gari lilale gereji, Upendo aanze kuumwa?

Nimesema mtoto kwanza, oili baadaye.

"Haya mangi. Kaiambie oili isubiri."

Ijumaa, 10 Mei

Mvua. Simu ikilia naruka. Leo alipiga mteja wa chaki nikamjibu, "Tunakuja!" Akakata.

Mke wangu kaniuliza kama mwenye mimba ni mimi. Hana hofu, au anaificha vizuri. Mimi sijui kuficha.

Nimeshuka kupima oili ya injini tena. Ipo, bila shaka. Kikopo cha breki sikukiangalia.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya ibada tumepanda kwa Upendo. Gari limepanda vizuri, kimya, kama paka. Amevimba miguu. Anacheka sana, na mtoto wangu akiwa na hofu ndivyo huwa.

Wakati wa kushuka kulikuwa na harufu ya kuungua. Mke wangu kaisikia. Nikasema wakulima wanachoma majani.

"Kwenye mvua hii?"

Nikapandisha kioo. Tulipofika chini, Kimandolu, magurudumu ya mbele yalikuwa ya moto hata mkono hausogei. Yakapoa. Pedali iliyokuwa imelegea ikarudi kuwa ngumu. Nikajiambia basi, yamekwisha.

Hayajaisha.

Jumatatu, 13 Mei

Zabroni kapiga. Mwenye kompyuta yupo, nilete gari. Upendo naye kapiga. Mgongo unamuuma tangu alfajiri.

Nimemwambia Zabroni keshokutwa.

Jumanne, 14 Mei

Uchungu ulianza asubuhi. Tumepanda kumchukua. Kwenye kushuka breki zilikata.

Tuko hai. Upendo kafikishwa hospitali na pikapu ya mtu wa kabichi. Mama yake yuko naye. Mimi niko kwenye benchi la nje, udongo mpaka masikioni. Wauguzi wanapita tu.

Siwezi kuandika.

Jumatano, 15 Mei

Msichana. Analia. Analia kwa nguvu, Mungu wangu.

Alhamisi, 16 Mei

Habari imefika mjini kabla yangu. Dukani wamekuja kunipa pole, nikasimulia. Betri ilipiga shoti. Umeme wote ukakatika, breki nazo zikaenda. Mchana nikasimulia tena, safari hii palikuwa na cheche. Kufika jioni nilikuwa nimeliongoza gari kwa akili kubwa mpaka ukingoni. Watu wamenishika mkono. Jirani yangu ambaye pesa ya haibridi anayo tayari kaapa hanunui.

Mke wangu alikuwepo, anapanga kalamu.

Gari limevutwa mpaka Ngarenaro. Bampa limekwenda, na taa moja. Zabroni kaziangalia pedi za breki, zimeungua mpaka zimebadilika rangi. Leo hakunitania. Hilo limenitisha.

"Mzee, ulishuka na nyutro, bila gia?"

"Mimi? Hapana."

Hajawahi kuniita mzee.

Ijumaa, 17 Mei

Mkwe wetu karudi kutoka porini. Kamshika mwanawe, kisha akaja kwangu, akainama, akanishika mikono yote miwili. "Baba, umeniokolea familia."

Nilisema amina. Sijui amina ya nini.

Upendo atakaa kwetu mpaka apate nguvu. Akipona anataka kujifunza kuendesha, mkwe anasema nimfundishe mimi. Naogopa kuliko nilivyoogopa kwenye mteremko.

Jumapili, 19 Mei

Yaliyotokea ni haya.

Nilipofika kichwani mwa mteremko niliweka nyutro. Hakuna aliyenilazimisha. Ndivyo baba alivyonifundisha kwenye ile pikapu, enzi petroli ni ya kupanga foleni: mlima ukiisha weka nyutro, gari lishuke bure. Wengi wetu wa rika langu tunafanya hivyo hadi leo na tunajiona wajanja. Gari hili ukiliacha kwenye gia, mota yenyewe inalishikilia na kurudishia betri umeme. Ukiweka nyutro, uzito wote unaziangukia breki. Niliweka nyutro Jumapili iliyopita. Nikaweka tena Jumanne, binti yangu yuko nyuma, kaegemea mama yake.

Oili ikachemka, kama nilivyoambiwa. Nilikanyaga, mguu ukazama kama kwenye uji. Nikatafuta breki ya mkono kwa mkono. Kwenye gari hili inakanyagwa kwa mguu. Nalijua hilo tangu siku ya kwanza. Nilichokishika na kukivuta kwa nguvu zangu zote ni chupa ya chai.

Mke wangu ndiye aliyeona ukingo wa udongo chini ya migomba. "Ukingoni! Kata ukingoni!" Nikakata. Tulisugua udongo, tukavunja migomba ya watu, tukasimama. Betri haikupiga shoti. Cheche hazikuwepo. Akili kubwa haikuwepo.

Kisha Upendo akauliza, "Baba, tumefika?"

Leo wakati wa kula nimewaambia. Wote watatu, sebuleni, mtori wa ndizi bado unafuka. Nilisema polepole nisije nikaongeza kitu. Mke wangu aliendelea kupakua. Mkwe aliweka bakuli chini, akatoka, akasimama barazani akiitazama mvua. Sikumfuata.

Aliporudi aliuliza kama oili imebadilishwa. Imebadilishwa. Akauliza ni nani aliyepiga kelele ya ukingo. Mke wangu akasema, "Mimi." Akamshukuru mama mkwe wake. Mimi hakuniangalia. Ni haki yake.

Kesho nitaanza na dukani, halafu jirani. Zabroni nimeshampigia. Kasema alijua.

Upendo alikuwa anahangaika, bakuli mkono mmoja, mtoto mkono mwingine. Akanitazama. Mumewe alikuwa karibu zaidi.

"Baba, hebu mshike, nami nile."

Nikaenda kunawa mikono. Nikarudi nikamshika. Ni mzito kuliko anavyoonekana.