Chupa Iliyosuuzwa kwa Asetoni

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu. Natumaini hujambo, na mama mguu umeacha kumsumbua. Mimi ni mzima, ila nina hasira.

Umeniuliza kama umkubali Koti Jeupe akuoe, kwa kuwa nafanya naye kazi maabara moja. Huyo bwana koti la maabara halivui hata akienda kantini, watu wamwone mkemia. Basi sikia habari za mkemia wako.

Juzijuzi alipewa kazi ya kutengeneza alkoholi ya manukato kutokana na aldehidi. Ndani ya aldehidi kuna kaboni iliyoshikana na oksijeni, na oksijeni ni mchoyo: inajivutia elektroni, kaboni inabaki na njaa. Ukileta nyukliofili, yaani kitu chenye elektroni za kutoa, kaboni inaidaka, na hapo ndipo alkoholi inapopatikana. Hilo ni somo la mwaka wa kwanza. Lakini bwana mkubwa alisuuza chupa kwa asetoni, kile kimiminika cha kusafishia vyombo vya maabara, akaona uvivu kuikausha. Na asetoni nayo ina kaboni yenye njaa ileile! Nyukliofili ikawa kama mtu aliyetumwa sebuleni na sahani ya chakula, akakutana na mwenye njaa mlangoni. Aldehidi ikabaki vilevile, kazi yote ikaharibika.

Alipoulizwa, alisema mama anayetuoshea vyombo aliacha maji kwenye chupa. Yule mama akafukuzwa, akalia pale koridoni mbele yetu sote. Koti Jeupe akaenda zake kula. Mimi nikaupima uchafu uliopatikana chupani badala ya alkoholi: ulitokana na asetoni, si maji. Kabati la asetoni hufungwa, na ufunguo anatembea nao yeye. Hata kudanganya hajui!

Nilipomweleza alicheka, akasema ninyamaze kwa kuwa karibu tutakuwa mashemeji. Yaani alitaka kunizibia mdomo kwa kukutumia wewe.

Sasa nikuambie lile ninalolizunguka tangu mwanzo. Jana nilimpelekea mkuu wetu vipimo vyote. Koti Jeupe hana kazi tena, na yule mama amerudishwa. Atakuja kwako akilia kwamba nina wivu. Najua unampenda, na kukuumiza kunaniuma sana.

Ukimkubali hata hivyo, harusini nitakuja. Nitakaa na yule mama wa vyombo, nimeshamwalika.

Mama mpe salamu zangu, ila barua hii usimsomee.

Ni mimi dada yako,
akupendaye.