Kwa Ildephonse, Aliyetoka Bwegera Bila Taa

Ildephonse mwanangu, mwaka umezunguka na kufika pale pale, tangu jioni ile ulipotoka Bwegera na hapa nyumbani Kiringye hukufika. Na ile habari ya mtu wa Bwegera mpaka leo haijatoka masikioni mwangu.

Iliingia kwetu na Élisabeth, yule anayepanda huku na samaki wa ndakala kutoka Uvira siku ya soko. Alitua kitunga chini, hata majani hajafunua, akasema: "Mama Ildephonse, umesikia? Kule Bwegera mtu wa kinga amepigwa risasi juu ya baiskeli yake. Alikuwa amewasha taa. Wale waasi wa mlimani wakasema anawaonyesha wanajeshi njia."

Nikamuuliza, ni mtu gani?

"Mtu tu. Wa Bwegera. Na kule ziwani wavuvi wamezima taa zote, ziwa liko jeusi kama tako la sufuria. Unafikiri wanazima bure?"

Nililala na habari hiyo, nikaamka nayo. Nilitwanga nayo mihogo. Weye ulipoisikia ulicheka tu, ukasema: "Mama, huyo mtu hana jina, hana mke, hana hata rangi ya kinga yake. Mimi najua kinga zote za Bwegera."

Na kweli ulizijua. Ulikuwa fundi wa baiskeli kule Bwegera, na wabeba mpunga wote walipita mikononi mwako. Ulinawa mikono kwa majivu na ndimu kabla ya kugusa chakula, hata ukiwa na njaa ya siku nzima. Baiskeli haikutoka kwako bila taa. Mwenye kukosa ile nyekundu ya nyuma, ulimkatia kipande cha kioo chekundu kutoka taa ya gari bovu. Mwenye kukosa kabisa, ulimpaka rangi nyeupe kwenye bati la nyuma linalozuia tope, naye akaenda akinung'unika.

Zamani za Wabelgiji, polisi Sévère alikuwa akisimama njia panda na kuimba kama katekisimu: "Nyeupe mbele, nyekundu nyuma, kengele iite!" Asiye na taa alishuka akatembea. Mwaka wa sitini ulipofika, watu walifungua taa zao wakazitupa, wakasema sheria hiyo imepanda ndege pamoja na Wazungu. Nakumbuka yule mzee wa magunia alivyokutania mbele ya watu: "Fundi, tumepata uhuru! Sasa unataka tumuwashie nani taa?"

Ukamjibu bila kuinua macho kwenye mnyororo, huku lori likipita barabarani: "Kamyo, mzee. Kamyo haijui kama tumepata uhuru."

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Hata Sévère, ambaye wakati huo hakuwa na filimbi tena wala viatu, alilichukua neno hilo akawa analisema kana kwamba ni lake.

Na kila alfajiri kabla ya kuondoka ulisimama mwisho wa uwanja, ukainua gurudumu, ukalizungusha kwa mkono mpaka dinamo ikalia na taa ikawaka. Kisha uliita: "Mama, unaniona?" Nami kutoka jikoni: "Ninakuona, baba. Nenda."

Siku ile hukuita. Nitaandika sababu yake hapa, kwa maana nimeificha mwaka mzima.

Ulipokuwa ukioga nilichukua ufunguo wako wa nati, nikafungua taa kama nilivyokuona ukifanya. Nikaizika ndani ya chungu cha unga wa mihogo, chini kabisa. Ile nyekundu ya nyuma nikaipaka masizi ya sufuria. Halafu nikakuletea koti jeusi la marehemu baba yako, nikasema kuna baridi. Hapakuwa na baridi.

Uliuliza: "Mama, taa iko wapi?"

Nikasema: "Sijui, baba. Labda ni Norbert." Nilimsingizia mdogo wako aliyekuwa bado usingizini.

Ulitazama mahali pa taa. Fundi anajua kitu kilichovunjika na kitu kilichofunguliwa. Ukanitazama na mimi. Hukunigombeza. Ulisema tu, "Basi nitarudi mapema," ukavaa koti, kwa sababu mimi ndiye niliyekupa.

Hukurudi mapema. Dada yangu Marie-Jeanne, anayekaa Bwegera, alinieleza baadaye: mtu alifika na gurudumu lililopinda, na magunia mawili juu yake, na weye hukuwa mtu wa kumwacha mtu njiani. Ulipomaliza, jua lilikuwa limeshuka. Na jua la huku kwetu uwandani halituli polepole, linaanguka nyuma ya milima, na giza liko tayari.

Kamyo ya mpunga ilikuwa inapanda kwenda Bwegera. Shofere aliyekugonga alikuja kwetu kwa miguu, kofia mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akapiga magoti mlangoni.

"Mama, sikumuona. Niliambiwa nizime taa. Wanasema kuna mtu wa Bwegera amepigwa risasi kwa sababu ya taa. Nikazima. Nilikuwa nafuata weupe wa barabara tu."

Na weye, mwanangu, ulisikia mngurumo, lakini katika giza lile ungejuaje uko upande gani? Mlikutana wawili mliozimwa na mdomo mmoja. Watu walitaka kumpiga shofere. Mimi nilisimama mbele yake. Walisema mama huyu ana moyo wa huruma. Haikuwa huruma.

Siku chache baada ya mazishi vita vilifika kweli. Tulipanda milimani Rurambo, tukalala kwa wachungaji wa ng'ombe, miezi ikapita. Tuliporudi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumtafuta yule mtu. Nilikwenda Bwegera kwa miguu. Wakaniambia: "Hapana, Mama, sisi tulisikia ni mtu wa Kiringye." Hapa Kiringye wakasema alikuwa wa Uvira. Nikamkamata Élisabeth sokoni, akalia: "Minye niliambiwa tu, Mama. Minye niliambiwa." Hakuna kaburi lake. Hakuna mjane wake. Sisemi risasi hazikuwapo baadaye. Zilikuwapo, zilipata wenye taa na wasio na taa. Lakini wiki ile, kwenye barabara ile, taa haikuwa imemuua mtu.

Sasa kinga yako anaendesha Norbert. Mwezi uliopita nilichimba kwenye chungu, nikaitoa taa, nikaipangusa unga, nikaiweka mezani. Nikasema, "Norbert, ifunge."

Alirudi nyuma kama ameona nyoka. "Mama, weye unataka wanipige risasi kama Ildephonse?"

"Nani alikuambia Ildephonse alipigwa risasi?"

"Watu wote wanajua! Sokoni wanasema: yule fundi wa Kiringye, alipenda taa, na taa ikamuua."

Ildephonse, sikia hili. Mtu wa Bwegera amepata jina, na jina hilo ni lako. Amepata mjane, ndiye Charlotte wako. Amepata kaburi, nami ndiye ninayelipalilia. Wanalitaja jina lako ili watoto wao wazime taa. Unga wangu uliofunika taa umekuwa mdomo wa kubeba habari ile ile.

Siku hiyo niliwaambia wote nyumbani nilichofanya. Charlotte alikula peke yake siku mbili. Siku ya tatu aliniletea maji ya kunawa, sijui kama ni msamaha. Norbert alitoka na kinga. Jana amerudi giza limeshaingia. Hatukumuona, tulisikia mnyororo tu mpaka alipogusa mlango. Taa bado iko mezani, na kamyo zinapita zaidi kuliko mwaka jana, nyingi za wanajeshi, na nyingi zimezimwa.

Ndiyo maana naandika, mimi niliyeishia darasa la tano. Nimemwomba katekista aisome barua hii Jumapili baada ya misa, kisha aibandike mlangoni mwa kanisa.

Tunaokukumbuka ni mimi mama yako Anne-Marie. Mke wako Charlotte na mtoto wenu Déogratias, ambaye ameanza kutembea. Mdogo wako Norbert. Mama yako mdogo Marie-Jeanne wa Bwegera. Élisabeth pia ameomba jina lake liandikwe hapa, nami nimeliandika. Siku zote tutakazojaliwa, hutatutoka moyoni.

Na ninyi mnaosikia:

Usipande baiskeli giza likiingia bila nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Kama huna, shuka, sukuma pembeni.

Usivae nguo nyeusi njiani jioni. Hata kitambaa cheupe mgongoni kinasaidia.

Usipake masizi wala tope juu ya kitu kinachong'aa.

Shofere, usiendeshe umezima. Ukiogopa, simamisha kamyo ulale hapo hapo.

Usibebe habari ya mtu asiye na jina.

Usimfiche mtoto wako kwa kumtia gizani.

Usiseme Ildephonse aliuawa na taa yake. Hakuwa nayo. Ilikuwa ndani ya chungu changu cha unga.